Taa za Kumi la Mwisho

Sungai Talam, Perak
1 Machi 1993

Kaka Johari,

Salamu za funga. Huku wazima, tunafunga na kufuturu, na Baba kila jioni analalamika kwamba sambali yangu haina pilipili za kutosha. Nimehamia hapa kwake na wanangu mpaka Idd ipite. Shemeji yako Bahtiar amebaki Ipoh na kazi yake na vyombo vyake vichafu. Sikuweza kumwacha Baba afunge peke yake, mwaka wa kwanza huu bila Mama.

Nakuandikia kwa sababu ya taa. Unakumbuka Mama alivyopanga vibatari kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani, toka kwenye ngazi ya nyumba mpaka langoni, na kile kikubwa kabisa akakiweka chini ya ngazi. Mwaka huu Baba amesema vibatari basi. Mikono inamtetemeka, na majuzi amejimwagia mafuta ya taa hadi kikoi kikanuka wiki nzima. Sasa anataka balbu za umeme, za rangi, kuzunguka ua mzima, kama alizoweka jirani yetu Samad, fundi wa pikipiki, ila ziwe nyingi kuliko za Samad. Ameshazinunua, zimejaa kikapu cha samaki. Nikamuuliza, "Baba, hizi zote za nini?" Akasema, "Kaka yako atashuka basi usiku. Mara ya mwisho alisema lango halionekani. Safari hii ataliona angali Ipoh."

Mara ya mwisho ni ile uliyokuja tukiwa tumeshamzika Mama.

Fundi umeme wa nyumba hii ni wewe, hata kama ufundi wako wote umeupeleka kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari. Niambie la kufanya kabla Baba hajapanda juu na bisibisi mdomoni.

Mdogo wako,
Kiah


Mtamboni, nje ya Miri
6 Machi 1993

Kiah,

Mwambie Baba anisubiri. Nakuja tarehe ishirini, na nitaziunga kwa mikono yangu.

Najua hatasubiri. Basi msomee haya, polepole, akiwa ameshafuturu, maana mwenye njaa hafundishiki.

Waya bapa ule mweupe, wa pasi na redio, usitoke nje ya nyumba. Jua litaupasua na mvua itaingia humo humo. Anunue waya wa mviringo, mnene, wenye gamba la mpira mweusi. Asifunge chochote kwenye uzio wa seng'enge, maana waya ukichubuka hapo uzio mzima unakuwa umeme, na mbuzi wa Samad ndio watakaotangulia kujua. Afunge kwenye miti au mianzi, kwa kamba, si kwa misumari. Maungio yote yawe juu, chini ya paa, makavu. Mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia nywele si kinga, ni kibakuli cha kutegea maji. Waya unapoingia ndani uachwe uning'inie kidogo kabla ya kupanda, ili matone ya mvua yadondokee hapo. Plagi ibaki ndani ya nyumba, na asiibane waya dirishani. Na kabla ya kugusa balbu hata moja, azime kwenye plagi, hata kama anadhani imezimwa.

Kando ya mita kuna breka kubwa yenye kitufe kidogo. Kibonyeze mara moja. Ikijikata, ni nzima, ndiyo inayowalinda. Mvua ikinyesha ikajikata yenyewe, usigombane nayo. Inakuambia kwamba mahali fulani umeme unavuja. Patafuteni.

Na Mungu apishe mbali, mtu akinaswa, usimshike. Zima umeme. Kama swichi iko mbali, piga waya kwa mti mkavu umtoke.

Nimeandika kurasa nyingi kuliko nilizowahi kumwandikia msichana yeyote. Nisalimie wapwa zangu wadogo hao wa kike.

Kaka yako,
Johari


Mtamboni
10 Machi 1993

Kiah,

Hii ni yako peke yako. Isome ukiwa jikoni.

Siji. Likizo yangu nimempa mwenzangu mmoja ambaye mkewe amejifungua. Hakuniomba, nilimpa mwenyewe. Nilifungasha begi, nikaiona nyumba kichwani, nikaliona jiko bila Mama, na kile kigoda chake cha kukunia nazi. Nikafungua begi tena. Mwaka jana niliingia nyumba ile nikakuta vikombe vya matanga vimeshaoshwa. Siwezi kuingia tena mara hii. Mwakani labda.

Usimwambie Baba. Tarehe kumi na tisa nitaleta simu ya maandishi kwamba bahari imechafuka. Mwache afurahi mpaka siku hiyo.

Johari


Sungai Talam
13 Machi 1993

Kwa mwanangu Johari, Mungu akuweke.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizonifundisha marehemu babu yako kwa fimbo. Kama umezisahau, kamtafute mwenye ndevu hapo mtamboni akusomee.

Dada yako amenisomea barua yako kama hotuba ya Ijumaa, mkono mmoja kiunoni. Nimeitii. Karibu yote. Waya mnene nimenunua, uzio sijaugusa, nimekata mianzi nikaisimamisha ua mzima na balbu zimekaa juu kama kunguru. Samad amekuja kutazama akasema, "Pak Deraman, hii ni nyumba au uwanja wa maonyesho?" Nikamwambia, "Wewe subiri uone. Mwanangu ni fundi wa mafuta, siyo fundi wa mnyororo."

Langoni nimeweka nyekundu. Chini ya ngazi, pale mama yako alipoweka kibatari kikubwa, nimeweka nyeupe ya nguvu, ili ukifika uone mtungi wa maji. Mara ya mwisho ulipanda na matope hadi kwenye mkeka. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa msiba. Safari hii utaosha miguu kama mtoto wa watu.

Breka yako hiyo ni kiumbe mkaidi. Inajikata wingu likipita tu. Unakumbuka mwaka juzi ilijikata tukiwa kwenye tarawehe, nyama yote ya Idd ikaoza kwenye friji, na mama yako akalia kama amefiwa. Mwaka huu haitatufanya hivyo. Nyama ya rendang nimenunua ya kutosha, maana nakujua ulavyo.

Usisinzie kwenye basi ukapitiliza.

Baba yako,
Deraman


Sungai Talam
14 Machi 1993

Kaka,

Barua yako nimeisoma jikoni kama ulivyoagiza, kisha nikaitia motoni chini ya chungu. Sikutaka ilale nyumba moja na Baba.

Unajua umenifanya nini? Kutwa nzima namshikia Baba ngazi anayopandia kuning'iniza taa za mtu asiyekuja. Anashuka, anarudi hadi langoni, anatazama, anasema, "Hii imeenda kombo, Yop hatapenda." Bado anakuita Yop, mzaliwa wa kwanza, kama ungali na meno ya utotoni. Mara mbili nimefumbua mdomo nimwambie. Mara mbili amecheka kabla sijasema.

Mama hakufa kwako peke yako. Na mimi jikoni humo ndimo ninamopika.

Jana tulijaribu kuwasha. Nakiri ni nzuri, Kaka. Wanangu walipiga makofi na Baba akajifanya hasikii. Leo usiku kumi la mwisho linaingia, zitawaka rasmi. Breka ilisumbua siku mbili za mvua, lakini Samad amekuja kuitengeneza, na sasa haijikati tena hata inyeshe vipi. Hilo moja usilihofie.

Wewe hofia hili jingine. Mpigie Baba simu dukani kwa Ah Teck, ataitwa. Mwambie kwa kinywa chako kwamba huji. Mimi sitakuwa mdomo wako.

Kiah


Mtamboni
17 Machi 1993

Kiah, ukiipata barua hii usiimalize kwanza. Nenda kazime swichi kubwa kwenye mita, kisha urudi kusoma.

Barua yako na ya Baba zimefika pamoja na meli ya leo. Breka isiyojikata kwenye mvua haijapona. Imezibwa mdomo. Samad amepitisha waya pembeni yake, umeme haupiti tena ndani, kwa hiyo hata mtu akiushika haitajua kitu. Namfahamu Samad, hana ubaya, wengi huko wanafanya hivyo ili nyama zao zisioze. Mwambie autoe leo hii. Akikataa mwambie mimi nimesema. Taa zote zizimwe mpaka hapo, na Baba asiende karibu nazo.

Meli inarudi nchi kavu Jumamosi, barua itaondoka nayo. Ningepiga simu ya redio, lakini foleni ni ndefu.

Zima, Kiah.

Johari


SIMU YA MAANDISHI
18 Machi 1993

JOHARI DERAMAN MTAMBONI MIRI
BABA AMEFARIKI JIONI HII KWA UMEME. MAZIKO KESHO ASUBUHI. NJOO.
BAHTIAR


Ipoh
20 Aprili 1993

Kaka Johari,

Ulipofika ulisimama langoni na begi lako ukaniuliza ilikuwaje, nami nikakupa mgongo. Tulikuwa tumeshamzika. Kwa mara ya pili ulikuta vikombe vimeoshwa, na mimi ndiye niliyeviosha. Nakuambia sasa, kisha sitarudia.

Ilinyesha mchana kutwa. Karibu na magharibi ikakatika, na mimi ndiye niliyewasha taa, kwa mkono wangu, kwa sababu wanangu walizililia. Baba alikuwa msikitini kuchukua uji wa futari. Alirudi na kopo la uji, viatu akaviacha langoni kwa sababu ya matope, akaja peku. Alifika chini ya ngazi akaniita nimpokee kopo. Nikampokea. Akachota maji kwenye mtungi, akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto. Waya wa ile balbu nyeupe ulikuwa umelegea kwa mvua, umeangukia mdomo wa mtungi, na mahali alipouunga palikuwa pamefungwa mfuko wa plastiki. Akasema, "Yop akiona hivi atanicheka." Akauinua kuuweka sawa.

Hakupiga kelele. Nilidhani ameinama. Halafu nikakumbuka barua yako. Sikumshika. Nilichukua mchi nikaupiga waya ukamtoka. Kwa hiyo barua yako ilifaa kitu, maana wanangu bado wana mama. Taa zote za ua ziliendelea kuwaka, hata moja haikupepesa. Breka haikujikata, kama nilivyokuandikia kwa furaha.

Barua yako ya tarehe kumi na saba ilifika Idd ya pili. Niliisoma mara moja tu. Ninalo swali moja kuhusu barua hiyo. Foleni ya simu ilikuwa na watu wangapi?

Na mimi sina usafi wowote. Ningemwambia Baba siku ile kwamba huji, asingewasha hata balbu moja. Angekaa gizani na hasira zake, angenuna mpaka Idd, na angekuwa hai. Nilimwonea huruma. Huruma yangu ndiyo iliyomshikia ngazi.

Usinijibu kwa sasa.

Rokiah


Sungai Talam
25 Februari 1994

Mdogo wangu Kiah,

Sikukujibu kwa kuwa uliniambia nisikujibu. Ramadhani nyingine imeingia, na naona nikinyamaza zaidi kitakuwa kiburi.

Hakukuwa na foleni. Chumba cha redio kilikuwa kitupu, fundi wake alikuwa anakula chungwa. Nilisimama mlangoni. Nilijua Ah Teck atamtuma mtu kumwita Baba, na Baba atakuja mbio na pumzi juu, na kabla sijasema neno breka ataniuliza, "Yop, unafika saa ngapi?" Nikarudi chumbani nikaandika barua, nikajiambia barua ni kitu kile kile. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu nilipoondoka nyumbani.

Kazi ya mtambo nimeiacha. Ninaishi hapa tangu mwezi wa nane, nafunga umeme nyumba za vijijini. Kigoda cha Mama bado kipo pale pale, nilikipita siku nyingi bila kukitazama, siku hizi nakikalia nikila. Nilichokikimbia ni kigoda, Kiah.

Kuna jambo linalonirudia kuliko mengine. Ile barua yangu ndefu, niliyojivunia. Niliandika uzio, niliandika dirisha, niliandika paa, niliandika mpaka mbuzi wa Samad. Sikuandika mtungi. Mahali pamoja katika ua wetu ambapo kila mtu husimama peku juu ya maji, kila siku ya Mungu, sikupakumbuka. Hata Baba aliponiandikia kwamba ameweka balbu hapo ili nione pa kuosha miguu, nilisoma, nikacheka, nikapita. Miaka yote hii nalala na kuamka na buti. Nilisahau kwamba kwetu watu huosha miguu kabla ya kupanda.

Samad alikuwa akizunguka kwa nyuma, kwenye mashamba, asipite mbele ya nyumba. Siku moja nikamfuata nikamwambia, "Samad, njia hii ni ya serikali, na chai imeiva." Alipanda akakaa karibu na mlango. Wakati wa kuondoka alisema, "Nilitaka nyama yenu isioze, Johari." Nikamwambia najua. Sasa huniita kila nyumba aliyowahi kuziba breka, tunakwenda wawili kuzizibua, na wenye nyumba wanatutukana wote wawili. Juzi bibi mmoja alitufukuza na ufagio kwa ajili ya samaki wake wa barafu.

Nimerudisha balbu za Baba. Nilifikiri sana kabla ya kuzirudisha. Zipo juu ya mianzi ile ile, waya mpya, maungio yote ndani ya makasha chini ya paa. Breka naibonyeza kitufe kila asubuhi kabla sijanawa uso, na inajikata pale pale. Langoni nimeweka nyekundu kama alivyotaka. Kumi la mwisho likiingia nitaziwasha.

Mimi sasa ndiye nimekaa kwenye ngazi nikitazama barabara, na ninajua alivyokuwa anahisi kila basi lilipopunguza mwendo halafu likaenda.

Njoo na wasichana. Njoo na Bahtiar na vyombo vyake. Chini ya ngazi hakuna waya. Nimeweka kibatari cha Mama, cha mafuta, mbali na mtungi.

Kaka yako,
Johari


Ipoh
5 Machi 1994

Kaka Yop,

Nimeisoma barua yako, kisha nikampa Bahtiar, kisha nikaichukua tena. Ahsante kwa kunijibu swali langu. Mwaka mzima nilikuwa nikiiona hiyo foleni, na kila nilipohesabu watu wake nilikuwa nakutafutia udhuru. Sasa nimepumzika, ingawa si vizuri.

Wasichana wameuliza kama watakaa kwenye ngazi ya Babu. Nimewaambia ndiyo. Mkubwa hajawahi kugusa swichi tangu siku ile, hata ya chumbani, humwomba mdogo wake. Mwonyeshe hiyo breka yako. Mwache aibonyeze mwenyewe aone inavyojikata.

Nyama ya rendang nitakuja nayo mimi. Usinunue, hujui kuchagua.

Taa usizizime kwa ajili yangu, ni za Baba, ziwake. Lakini mimi bado siwezi kufika zikiwa zimewaka. Tutapanda basi la asubuhi, Kaka. Tutafika mchana.

Mdogo wako,
Kiah